Bosi Alipobadili Mawazo

Kila nikianza kulieleza jambo hili mama yangu hunikatiza. "Umeanza tena," husema, na akiona siachi huhamia Kingoni, lugha ambayo nyumbani kwetu hutumika kwa mapenzi makubwa na kwa ugomvi mkubwa. Anataka nisahau. Anasema mtu aliyekufundisha kazi ni kama mzazi, na mzazi hanuniwi. Basi mimi nimemnunia. Nimenuna muda mrefu na bado sijashiba.

Mtu mwenyewe ni aliyekuwa bosi wangu. Nilimkuta mtaa wa Bombambili, hapa Songea, katika ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akiandika programu za kompyuta katika mji ambao watu wengi walidhani kazi ya kompyuta ni kutoa fotokopi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti kizuri na sijui kitu. Yeye alinikalisha kitini akanifundisha kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine kama unavyosoma barua ya posa: polepole, ukitafuta kile ambacho hakikusemwa. Sitamnyima hilo. Alikuwa mwalimu mzuri, na pengine ndiyo maana nina hasira kiasi hiki. Mwalimu mbaya angenifanyia yale yale ningecheka.

Tulikuwa watatu ofisini. Wa tatu alikuwa Myao wa Tunduru, mwanaume mpole mwenye ndevu chache na subira nyingi, ambaye aliswali adhuhuri kwenye kona ya chumba cha nyuma kisha akarudi kwenye kompyuta yake kana kwamba hakuwahi kuondoka. Aliniita dada ingawa alinizidi umri.

Kazi yetu kubwa wakati huo ilikuwa ya kampuni moja ya mabasi. Mabasi yao hubeba vifurushi: mtu wa Iringa anampelekea ndugu yake wa Songea mzigo, karani anauandika, basi linauleta. Walitaka mzigo ukifika, mwenyewe apate meseji kwenye simu aje kuuchukua. Basi. Ukiisikia ni kazi ndogo. Nilipewa mimi.

Siku hizo ndipo wasaidizi wa akili mnemba walikuwa wameanza kuzungumzwa katika makundi yetu ya waandika programu. Unaieleza mashine unachotaka, kwa Kiingereza au hata kwa Kiswahili, nayo inakuandikia mistari ya programu. Wengi walikejeli. Bosi alikejeli kuliko wote. "Mtu anayeandikiwa programu na mashine," alisema, "ni sawa na mtu mzima anayetafuniwa chakula." Mimi nilijaribu kwa bando langu mwenyewe, nikaipenda. Sioni aibu kusema niliipenda. Kwa mara ya kwanza niliuliza swali la kijinga bila mtu kunitazama kijinga. Ilinipa mistari, nikaisoma mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, niliyoielewa nikaichukua na ambayo sikuielewa nikaitupa. Kazi ya vifurushi ikaenda vizuri, na meneja wa mabasi alipoona majaribio ya kwanza alifurahi akaahidi kuja mwenyewe.

Alikuja asubuhi ya baridi, ile baridi ya Songea ya mwezi wa sita ambayo watu huingia nayo ofisini wakiwa na makoti na hawayavui. Bosi alimkaribisha, akamwagizia chai, kisha akawa anamtembeza. Akapita nyuma ya kiti changu akasimama.

"Hii nini?"

"Ni msaidizi, bosi. Namuuliza namna ya kupanga..."

"Unamuuliza nani? Mimi si nimekaa hapa?"

"Nauliza, halafu nasoma kila kitu kabla sijakiweka."

Alimgeukia meneja, akacheka kile kicheko cha mwenye nyumba anayeomba radhi kwa mgeni. "Samahani sana, mzee. Kumbe kazi yako nimempa mtu, naye anaipeleka kwa mganga."

Meneja akacheka. Watu hucheka wakichekeshwa, simlaumu. Bosi akaniambia, "Hebu inuka." Nikainuka. Akakaa kwenye kiti changu, mikono yangu bado ikiwa na joto la ile meza, akaifuta kazi yote. Kazi ambayo ilikuwa inafanya kazi! Aliifuta mbele ya aliyeiagiza, mbele ya mwenzangu, mbele yangu, akamwita yule Myao akamwambia aanze upya, kwa mkono, kama watu.

Mimi nilipewa kutengeneza printa na kuwafundisha waliomaliza kidato cha nne namna ya kuchapa barua. Mwenzangu aliandika mfumo ule tangu mahindi yanavunwa mpaka watu walipoanza kuandaa mashamba upya. Siku moja tulipokuwa tunafunga ofisi alinisubiri mlangoni.

"Dada, mimi hiyo kitu siipendi, nakuambia kweli," alisema. "Naiogopa. Lakini kufuta kazi ya mtu mbele ya mgeni, wallahi, siyo adabu."

"Ungesema siku ile."

Aliinamisha kichwa. "Ningesema."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilianza kumwamini bosi. Nilikuwa nikipita mjini nikikutana na mtu wa ile kampuni ya mabasi, navuka barabara. Nilijiona kama mwanafunzi aliyenaswa na majibu kwenye soksi. Niliacha kutumia msaidizi kabisa, hata nyumbani, na mtu akinisifu kwa kazi yoyote nilijisikia kumwambia aangalie vizuri.

Kisha bosi akaenda Dar es Salaam.

Aliitwa kwenye mkutano wa watu wa programu. Aliondoka na sanduku dogo akarudi na begi jipya la mgongoni, kofia mpya, na maneno mapya. Sikumbuki kama alitusalimu. Alituita chumba cha mbele, akabaki amesimama.

"Jamani, dunia imebadilika na sisi tumelala," alisema. "Huko wenzetu hawaandiki tena. Wanaagiza. Kijana mmoja na mashine yake anafanya kazi ya watu kumi. Kuanzia leo hapa hakuna kuandika kwa mkono. Anayeandika kwa mkono anatuchelewesha."

Nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa ataniangalia. Sikutaka mengi. Neno moja la pembeni lingetosha: dada, siku ile niliteleza. Au hata utani, maana watu wetu huomba radhi kwa utani na ukaeleweka. Kweli aliniangalia.

"Wewe si unaijua? Muelekeze mwenzako."

Basi, ndiyo yote. Yule mganga alikuwa amekuwa daktari, na mimi niliyepigwa kwa kumwendea nilitakiwa nimshike mwenzangu mkono nimpeleke.

Mwenzangu alikataa. Hakupaza sauti, maana hajui kupaza. "Bosi," alisema, "mfumo ukiharibika, simu inapigwa kwangu. Kitu ambacho sijakiandika nitakijibia vipi?"

"Utakisoma kabla."

"Kwa haraka hii unayotaka sitasoma. Nitaangalia tu."

"Basi hufai kwa zama hizi."

Hivyo hivyo, mbele yangu, kama alivyofanya siku ile ya meneja, ila safari hii nilikuwa upande wa wanaotazama. Nilisema kitu. Nilisema, "Bosi, huyu ndiye aliyeandika mfumo wa mabasi wote." Bosi akaniambia nisiingilie. Mwenzangu alikusanya birika lake, mkeka wake wa kuswalia na sweta lake lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango tangu nimjue, akapanda basi la Tunduru.

Nikabaki na kazi za watu watatu. Na hapo ndipo na mimi mawazo yangu yalipoanza kugeuka, tena kwa upande ambao sikuutarajia. Kifaa kile nilichokipenda nikiwa nimejificha, nilipolazimishwa nacho kilinichosha roho. Kinatoa mistari mingi kuliko macho yanavyoweza kubeba. Ukikikosoa kinakuomba radhi kwa adabu kuliko binadamu yeyote niliyefanya naye kazi, kisha kinakosea tena pale pale, kwa maneno mazuri zaidi. Zamani nilikuwa naandika kidogo na kusoma kidogo. Sasa nilikuwa nasoma tangu asubuhi, nasoma mambo yanayofanana na ukweli, na nyuma yangu bosi amesimama na chai yake.

"Bado unasoma tu?"

"Bado, bosi."

"Kusoma sana ni woga."

Mtu yule yule. Aliyenifundisha barua ya posa.

Msimu wa baridi uliofuata, meneja wa mabasi aliomba meseji ziwahi zaidi, maana watu walilalamika kwamba wanaambiwa mzigo umefika wakati stendi inakaribia kufungwa. Nilimwambia bosi anipe siku chache. Hakunipa. Alikaa mwenyewe, akaiagiza mashine, akachukua ilichompa akakiweka kwenye mfumo unaotumiwa na watu. Nilipofika kesho yake nilimuuliza kama alikijaribu.

"Kinafanya kazi," alisema. "Meseji zinaruka kama nini."

Ni kweli zilikuwa zinaruka. Ziliruka mzigo ulipoandikwa kule ulikotoka, badala ya kusubiri ufike Songea. Mtu wa hapa anapata meseji kwamba mzigo wake umefika, kumbe basi lenyewe halijawashwa. Na kwa kuwa mfumo ulikuwa umejiandikia kwamba mwenye mzigo ameshaambiwa, mzigo ulipofika kweli mfumo haukusema neno.

Siku za mwanzo watu walikuja stendi wakarudi mikono mitupu, karani akawaambia basi limechelewa. Nilisikia minong'ono, nikaanza kuutazama mfumo. Bosi akanitoa: kulikuwa na kazi mpya ya mteja mwingine, ya haraka. Kila kitu kilikuwa cha haraka.

Kisha karani wa stendi akapiga simu ofisini. Bosi alisikiliza kidogo, akafunika simu kwa kiganja. "Nenda stendi. Kuna mama analeta fujo."

Hapakuwa na fujo. Palikuwa na mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la kiume juu ya kitenge, amesimama kwenye kaunta ya vifurushi, na mbele yake boksi la karatasi ngumu lenye matundu, limefunguliwa. Ndani mlikuwa na vifaranga. Wengi wao walikuwa wamelala bapa kama vitambaa. Wachache kwenye kona moja walikuwa wanapanda migongo ya wenzao wakilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitikia, hata wakati ule. "Wewe ndiye wa meseji?"

"Ndiyo, mama."

Alitoka kijiji cha Mpitimbi. Alinieleza bila kupamba. Yeye na wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wameagiza vifaranga kutoka Iringa, banda wameshajenga, taa ya kuwapasha joto ipo. Meseji ikamwambia wamefika. Akapanda bodaboda mpaka stendi, akaambiwa hawajafika, akakaa kwenye benchi hadi jioni. Karani akamwambia arudi nyumbani, wakifika simu itamwambia. Akarudi, akakaa na simu mkononi. Simu ikanyamaza. Kumbe vifaranga walifika kesho yake, boksi likaingizwa stoo pamoja na magunia na matairi, na baridi ya huku inajulikana. Karani alisema alisikia milio siku ile jioni. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imefifia, ndipo akaenda kutazama, kisha akampigia mama huyu simu.

"Simu ilisema uongo nikaja," mama alisema. "Ilipotakiwa kusema kweli ikanyamaza. Sasa hiyo simu inatusaidia nini?"

Simu yangu ikaita. Ni bosi. Niliipokea nikiwa namtazama yule mama.

"Mwambie mtandao ulisumbua," bosi alisema. "Mwambie tunalifanyia kazi."

Mtandao! Katika nchi hii mtandao umebebeshwa dhambi za watu wote. Mtu hajaja kazini, mtandao. Karani kalala, mtandao. Na mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu aliyenizidi umri.

"Siyo mtandao, mama," nilisema. "Ni mfumo wetu. Ulibadilishwa bila kujaribiwa."

"Nani aliubadilisha?"

"Mashine iliandika, bosi wangu akapitisha."

"Hiyo mashine iko wapi?"

"Haiko hapa."

"Na bosi wako?"

"Hayuko hapa."

"Aa," alisema. "Kwa hiyo uko wewe."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alianza kuwatoa wale waliokuwa hai mmoja mmoja, akawaweka kifuani ndani ya sweta, na mimi nikashika boksi ili lisiteleze, kwa sababu hakuna kingine nilichojua kufanya. Aliondoka nao kwenye bodaboda akiwa amejikumbatia.

Nilirudi ofisini nikarekebisha mfumo kwa mkono. Ilikuwa mistari michache tu, kosa ambalo mtu aliyekaa akasoma angeliona kabla chai haijapoa. Bosi alikuwa analalamika kwamba nimeichafua ofisi kwa mteja. Niliendelea mpaka nilipomaliza. Kisha nikamuuliza kama atakwenda Mpitimbi kuomba radhi. Akasema tusikuze mambo, ni kuku. Kampuni ya mabasi ilikiletea kile kikundi vifaranga wengine baadaye, na aliyemsumbua meneja mpaka wakaletwa ni mimi, siyo yeye.

Ningeondoka siku hiyo. Sijui kwa nini sikuondoka. Labda mazoea, labda sauti ya mama yangu. Nilibaki mpaka siku ya ukumbini.

Kulikuwa na kusanyiko la vijana na teknolojia hapa mjini, bosi akaalikwa kuzungumza kuhusu akili mnemba. Alinitaka nikae mstari wa mbele. Alipanda jukwaani na kofia yake ya Dar, akaongea vizuri, maana kuongea anajua. Akafika mahali akaninyooshea mkono.

"Huyu binti mnayemuona," alisema, "ndiye wa kwanza kutumia teknolojia hii katika ofisi yetu. Wengine walimcheka. Mimi nikamtia moyo. Nikamwambia, songa mbele."

Nilisimama. Sikuomba kipaza sauti.

"Naomba kusahihisha," nilisema. "Hukunitia moyo, bosi. Uliniinua kwenye kiti ukafuta kazi yangu, ukaniita mtu wa waganga mbele ya mgeni. Na mwenzetu alipokataa kutumia ulipotaka wewe, ukamfukuza. Waambie na hayo."

Niliona nyuso zikigeuka kwake, na kwa kitambo kidogo nilidhani kuna kitu kitatokea. Bosi alitabasamu. Akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeguswa.

"Mnaona moto huo?" aliwaambia. "Huo ndio moto tunaouhitaji kwa vijana wetu."

Wakapiga makofi. Walitupigia mimi na yeye kwa pamoja, kama wachezaji wa timu moja. Nimewahi kupigwa kofi na mwalimu shuleni, nimewahi kupigwa na shangazi, lakini sijapata kofi lililoniuma kama makofi yale.

Nje alinikuta nikitafuta bodaboda. Tabasamu lilikuwa limebaki ndani.

"Umenivunjia heshima mbele za watu."

"Nimesema kilichotokea."

"Nilibadili mawazo. Mtu akibadili mawazo ni kosa?"

Hilo swali nimelitafuna sana tangu siku ile, kwa sababu lenyewe ni la haki. Hata mimi nilibadili. Wote tuliokuwa kwenye makundi yale tulibadili, waliokejeli wakasifu, waliosifu wakachoka. Lakini pale nje nilikuwa na jibu lake tayari.

"Siyo kosa. Ila mawazo yako ya kwanza niliyalipia mimi. Ya pili akayalipia mwenzetu, na akina mama wa Mpitimbi. Wewe umelipa nini?"

Alitazama simu yake. "Una hasira. Tuongee Jumatatu."

Jumatatu sikwenda.

Baada ya wiki kadhaa nilisafiri kwenda Tunduru kumuona mwenzangu. Nilimkuta kwenye ghala la kaka yake la korosho, mezani, na kompyuta yake ya zamani. Mkewe alituletea chai na mihogo. Nilikuwa nimekwenda na mzigo wangu wa maneno, nimwambie yote, tumlaani bosi pamoja mpaka jua litue. Nilipozunguka meza nikakiona kwenye skrini. Kilikuwa kile kile. Msaidizi, anamwandikia.

"Wewe!" nilipiga kelele mpaka mkewe akachungulia. "Wewe uliyefukuzwa kwa kukataa hiki?"

Aliona haya, akajikuna ndevu. "Dada, inafaa, wallahi. Nauliza nisichokijua, inanieleza, halafu naandika mwenyewe. Kaka hanihimizi. Nikichelewa wiki, basi kazi imechelewa wiki."

"Ulipoteza kazi kwa ajili ya hiki!"

"Hapana," alisema. "Kazi niliipoteza kwa ajili ya bosi."

Nilikula muhogo. Nilikuwa na hasira naye pia, nisifiche, hasira ya mtu aliyebeba bendera akageuka akakuta mwenye bendera ameshakwenda nyumbani kulala. Lakini alikuwa amesema kweli. Tulimaliza siku tukisoma programu yake ya korosho, mstari kwa mstari, tukibishana. Kabla sijaondoka tulikubaliana tufanye kazi pamoja, yeye kule, mimi huku. Kanuni tuliyojiwekea ni moja: mashine itumike au isitumike kama kila mtu anavyoona, ila hakuna kinachokwenda kwa watu kabla hakijasomwa na sisi wote wawili.

Wateja wetu si wengi. Duka la pembejeo, mashine ya kusaga, mnunuzi wa tumbaku wa Namtumbo anayetaka mizani yake na kompyuta vielewane. Hakuna anayetuita kwenye makusanyiko.

Majuzi bosi alinipigia. Nilipokea kwa sababu namba ilikuwa mpya.

"Mdogo wangu, habari za siku?"

"Shikamoo, bosi." Ulimi ulitangulia.

"Marahaba. Sikiliza. Nimekuwa nikitafakari. Hizi mashine, unajua, tulizikimbilia. Wateja wamelalamika sana. Hata huko nje nasikia watu wameanza kurudi kwenye kusoma na kuandika wenyewe. Nimepiga marufuku ofisini. Nataka urudi, na mwenzako umlete, tufanye kazi kama zamani."

Niliinuka nikatoka nje ya chumba changu, nikasimama kwenye baraza. Alikuwa anasema maneno niliyoyasema mimi. Alikuwa anayasema kama mtu aliyeyaokota njiani, hayana mwenyewe.

"Bosi," nilisema, "wanaofanya kazi kwako sasa hivi, ambao juzi uliwaamuru watumie, leo unawaambiaje?"

"Nimewaambia waache. Mmoja mbishi nimemuondoa."

Nilicheka. Sikupanga kucheka.

"Sirudi," nilimwambia.

"Kwa nini? Sasa si tunakubaliana?"

"Tunakubaliana leo."

Akasema, kwa upole, kama anavyosema mama yangu, "Una hasira sana wewe."

"Ndiyo," nilisema. "Ninazo."

Nikamuaga kwa heshima zote. Nikarudi mezani, ambako mwenzangu alikuwa amenitumia kazi ya yule mnunuzi wa tumbaku, na chini yake ameandika kwamba kuna sehemu haimkai sawa, niitazame. Niliifungua nikaanza kusoma kuanzia mstari wa kwanza.